Kutuma Si Kuwepo

Andiko la msingi: Mithali 12:10
Soma pia: Hesabu 22:21–34, Luka 13:10–17, Isaya 46:3–4

 

Nilipotangaza kwamba Jumapili hii nitahubiri juu ya mbwa mzee, nilisikia vicheko upande wa kwaya. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono baada ya ibada akaniuliza, "Mchungaji, kwani Biblia imeisha?" Nikamwambia, mzee wangu, Biblia haijaisha, ni mimi nilikuwa sijafika kurasa zingine. Kwa hivyo wewe unayesoma jarida hili nyumbani, ama ndani ya matatu ukielekea kazini, nivumilie kidogo. Tutaanzia kwa mbwa, lakini hatutaishia kwa mbwa.

MBWA WA BABA YANGU

Mbwa huyo aliitwa Jimmy. Hakuwa mbwa wa kizungu. Alikuwa mbwa wetu huyu wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Alikuwa wa baba yangu, kule kwetu Kinangop.

Mzee aliugua sukari miaka mingi, na miaka miwili ya mwisho figo zikakataa kazi. Sasa nataka niseme ukweli mbele ya kanisa. Katika miaka hiyo miwili sikuwahi kukosa kutuma pesa. Tarehe mbili ya kila mwezi, M-Pesa imeingia. Pesa ya dawa, ya gari la kumpeleka hospitali, ya maziwa. Ndugu zangu walinisifu, na mimi mwenyewe nilijisifu. Lakini kila Mzee alipopiga simu, swali lake lilikuwa moja: "Unakuja lini?" Na mimi jibu langu lilikuwa moja: "Baba, wiki hii tuna mkutano. Labda ijayo."

Usiku aliolala, mwaka wa 2014, nilikuwa jukwaani kwenye mkutano wa injili, mji mwingine kabisa, maikrofoni mkononi. Mama alikuwa naye. Dada yangu alikuwa naye. Na Jimmy alikuwa amelala kwenye kizingiti cha mlango wa chumba, mahali alipokuwa amelala wiki tatu mfululizo, akitoka tu kwenda haja na kurudi. Dada aliponisimulia hayo wakati wa matanga, nilisema "ajabu" nikaendelea kupanga viti vya wageni. Miaka ilipita kabla sijaelewa maana ya nilichoambiwa. Mbwa alikuwepo. Mimi nilituma.

Baada ya mazishi Jimmy alikataa kula. Alikuwa anashinda kaburini. Mama akaniambia, "Mchukue uende naye. Akibaki hapa atamfuata baba yako." Alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Nikamtia nyuma ya gari. Na msidhani ni upendo. Wezi walikuwa wameruka ua letu mara mbili, nilihitaji mlinzi.

NILIPOKEMEA UZEE

Jimmy alifanya kazi yake miaka kama minane bila lawama. Mnaokuja kwangu kwa maombi mnamkumbuka; wengine wenu mlikuwa mnasimama langoni mkipiga kelele, "Mchungaji, fungia mbwa!"

Kisha uzee ukaanza kuingia polepole. Macho yakapata utando wa samawati. Akaanza kugonga viti. Mgeni anaingia langoni, anakaribishwa, anapewa chai, ndipo Jimmy anaamka na kubweka. Tukacheka. Baadaye ikaja shida ya usiku. Saa nane za usiku anasimama anatazama ukuta na kulia. Si kubweka, ni kulia, sauti ndefu. Jirani akatuambia waziwazi kwamba mbwa akilia hivyo ameona kifo, na nyumba hiyo ijitayarishe.

Wapendwa, mimi ni Mpentekoste. Mnafikiri nilifanya nini? Niliita timu ya maombezi. Tulizunguka boma na mafuta, tukakemea roho ya mauti, tukafunga, tukafungua. Jimmy alikaa pale akatuangalia, mkia unapiga chini. Usiku uliofuata, saa nane, akalia tena.

Ndipo mke wangu aliposema, kwa ile sauti yake ya upole ambayo huwa inamaliza mjadala, "Kwani hakuna daktari wa mifugo hapa?" Daktari akaja. Kijana mdogo, hata ndevu hazijakomaa. Akamulika macho na tochi, akafungua mdomo, akakunja miguu mmoja mmoja. Akaniambia, "Mchungaji, huyu hana pepo. Huyu ni mzee." Akanieleza kwamba ubongo wa mbwa huweza kuchakaa kama wa binadamu. Anachanganya usiku na mchana. Anapotea ndani ya nyumba aliyoijua miaka yote. Anasimama mbele ya ukuta hajui atokeje. Masikio yameziba, kwa hivyo kukiwa giza haoni na hasikii. Analia kwa sababu ameachwa peke yake na hajui mko wapi.

Kumbe mimi nilikuwa nakemea uzee! Nilikuwa nafukuza kitu ambacho Mungu hakuniambia nifukuze. Alikuwa ananiambia nikae nacho.

Ninaamini mapepo yapo, na kwa jina la Yesu yanatoka. Lakini naongea na mtu hapa. Kuna mama mkwe nyumbani kwako anasahau majina, anauliza swali moja mara tano, anaamka usiku na kutaka kwenda "nyumbani" na yuko nyumbani. Na umeanza kunong'ona kwamba ana kitu. Mpeleke hospitali. Kisha kaa naye.

SWALI LA PUNDA

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Wiki chache baada ya daktari kuja, tulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa sebuleni kwangu. Dakika kumi kabla ya wageni kufika, Jimmy akakojoa kwenye zulia. Mbele ya meza yenyewe. Niliwaka. Nikamvuta nje, miguu ya nyuma inateleza kwenye vigae, nikamfungia. Jioni, wageni walipoondoka, nikamwita kijana anayetusaidia kazi ya boma. Nikampa shilingi 500, nikamwambia, "Tafuta dawa ya panya, utie kwa nyama. Asubuhi nisimwone."

Sikujua binti yangu wa mwisho alikuwa dirishani. Alikuwa na miaka kumi. Akatoka, hakulia, hakupiga kelele. Akaniuliza tu, "Baba, kwani alishawahi kukukosea?"

Kanisa, magoti yalilegea. Kwa sababu mimi nilijua mahali swali lile limeandikwa. Yule mtoto hakujua.

Fungua Hesabu 22. Balaamu amepanda punda wake, anaenda kuhudumu. Ameitwa na mfalme, kuna heshima na kuna malipo, ana haraka. Njiani amesimama malaika na upanga. Punda anamwona. Nabii, mtu wa maono, haoni kitu. Punda anaacha njia, anapigwa. Anamgandamiza mguu ukutani, anapigwa. Mara ya tatu anajilaza chini, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kupita, na Balaamu anampiga kwa fimbo. Bwana anafungua kinywa cha punda. Na huyo punda, angeweza kutabiri, angeweza kumkemea. Yeye anauliza tu: si mimi ndiye uliyenipanda maisha yako yote hadi leo? Nimewahi kukufanyia hivi? Na Balaamu, mtumishi mkubwa, jibu lake ni neno moja. Hapana.

Angalia kinachofuata, na hapa ndipo nilipovunjika. Macho ya Balaamu yanapofunguliwa, malaika anaanza kuongea. Swali lake la kwanza kabisa ni lipi? Haulizi habari za mfalme Balaki, wala za fedha. Anauliza: kwa nini umempiga punda wako mara hizi tatu? Mbingu ilikuwa inahesabu fimbo! Kila pigo limeandikwa. Ndipo yanakuja hayo mengine ya njia yake iliyopotoka.

Kilichompofusha Balaamu ni haraka ya huduma. Alikuwa akienda mkutanoni. Na mimi je? Kikao cha wazee. Mkutano wa injili. Wiki ijayo, Baba.

Nilimwita yule kijana nikamwambia rudisha pesa, nimekosea. Akanijibu, "Asante, Pasta. Hata mimi nilikuwa sijui nitaanzia wapi." Baadaye nilikuja kujua pia kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa la jinai. Lakini usiku ule sikuogopa polisi. Niliogopa yule malaika wa njiani.

KUJUA NI KUKAA

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu wa haki hujali maisha ya mnyama wake. Walioisoma kwa Kiebrania wanatuambia neno lililotumika pale ni lile lile la kujua. Mwenye haki anajua nafsi ya mnyama wake. Na neno hilo hilo liko Kutoka 23:9, pale Mungu anapowaambia Israeli wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wanaijua nafsi ya mgeni. Walikuwa wageni Misri. Sasa niambie, utajuaje nafsi ya mtu, ama ya mnyama, kwa kumtumia? Chakula unaweza kutuma. Dawa unaweza kutuma. Kujua hakutumwi.

Nilianza na robo saa. Kila jioni, nikitoka kazini mwa Bwana, naacha simu ndani, naketi kwenye ngazi ya nyuma na Jimmy. Siku ya kwanza nilichoka baada ya dakika tatu. Mkono unatafuta mfuko, mfuko hauna simu. Siku ya nne hivi nikaanza kuona.

Niliona kwamba analamba mguu mmoja wa mbele, ule ule, kila wakati. Ni kiungo kilichokuwa kinauma. Niliona anapokataa kuingia ndani si ukaidi, ni vigae vinavyoteleza. Tukatandika magunia kutoka mlangoni hadi mahali pake. Niliona anaacha chakula si kwa kudeka, ni meno yameoza. Mke wangu akaanza kumlainishia ugali kwa supu ya mifupa. Niliona anashtuka akiguswa kwa ghafla, anaonyesha meno, kisha anaona aibu. Binti yangu akagundua kwamba ukikanyaga chini kwa nguvu kidogo kabla ya kumkaribia, anahisi mtikisiko na kugeuza kichwa. Tukaacha kuhamisha viti. Tukasogeza maji karibu. Tukawasha taa ndogo usiku, na godoro lake tukaliweka karibu na mlango wa chumba chetu. Kilio cha saa nane kikapungua sana. Siku zingine hakikuja kabisa.

Hapo nikakumbuka wale rafiki watatu wa Ayubu. Mnajua tunawasema sana, lakini mwanzo walifanya vizuri: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu.

"WATU WANA NJAA, WEWE UNATUHUBIRIA MBWA?"

Nasikia hilo swali, na ni swali zuri. Kuna mtu hapa hajalipa karo, na mchungaji anaongea juu ya godoro la mbwa.

Twende Luka 13. Yesu anamponya mama aliyepindika mgongo miaka 18. Ni Sabato. Mkuu wa sinagogi anakasirika. Yesu anamjibuje? Anaanzia zizini. Kila mmoja wenu, siku ya Sabato, hamfungui ng'ombe wake ama punda wake akampeleke maji? Basi huyu binti wa Ibrahimu, aliyefungwa miaka yote hiyo, hakustahili kufunguliwa? Umeona? Yesu hakuwaambia waache kumpa punda maji. Alichukulia kwamba bila shaka watampa. Kisha akauliza mbona huruma imeishia zizini.

Kwa hivyo kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kusema mnyama si kitu. Mungu huyo huyo aliyetoa amri ya Sabato alimtaja mnyama ndani yake, Kutoka 20:10. Alikataza ng'ombe anayepura nafaka afungwe kinywa, Kumbukumbu 25:4. Na alipomweleza Yona huruma yake kwa Ninawi, neno la mwisho la kitabu kile limewataja wanyama. Kosa la pili ni huruma kuishia zizini. Kuna boma mbwa anakula nyama na nyanya anakula peke yake jikoni, hakuna wa kumwongelesha. Ikiwa kumkalia mbwa hakukufikishi kwa mama yako, umepoteza wakati wako, na mbwa pia umempotezea.

Mwingine atasema, "Lakini Pasta, Biblia inataja mbwa vibaya." Ndio, Wafilipi 3:2 ni onyo, lakini pale Paulo anazungumza juu ya watu. Mimi nakupa mbwa wengine, Luka 16:21. Lazaro amelala langoni, vidonda mwili mzima, tajiri anakula ndani. Nani walikuja pale alipolala? Mbwa. Hatuambiwi walikuwa na nia gani. Tunaambiwa tu kwamba walikuja. Tajiri alikuwa na kila kitu cha kutuma langoni, na hata makombo hakutuma.

SIKU YA MWISHO

Mwaka wa 2024 Jimmy aliacha kula kabisa. Daktari akapima damu, akasema figo zimekwisha. Nilikaa kimya, kwa maana sentensi hiyo nilishawahi kuisikia, kwa simu. Akasema maumivu yatazidi, na kwamba anaweza kumpa sindano alale bila kuteseka.

Mnataka kujua kama niliona ni dhambi. Niliomba siku mbili. Ninachoamini ni hiki: Mungu ametupa mnyama mikononi, na siku moja tutatoa hesabu ya mikono hiyo. Sumu ndani ya nyama usiku ili zulia lisichafuke ni jambo moja. Kumwondolea maumivu mnyama ambaye hatapona, kwa mkono wa daktari, ukiwa umeshika kichwa chake, ni jambo lingine. Na nisieleweke vibaya: mwanadamu si mnyama. Uhai wa mzazi wako uko mkononi mwa Mungu peke yake, na kazi yetu pale ni kutunza, kutuliza na kukaa, hadi Bwana mwenyewe aite.

Asubuhi ile daktari alitayarisha sindano, akaniuliza, "Mchungaji, utabaki ama utangoja nje?" Nilikuwa nimevaa suti. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, ni kamati ya ujenzi, walikuwa wananingoja. Na roho yangu yote ilitaka kungoja nje. Nilitoa simu nikaizima. Nikaketi sakafuni na suti yangu. Binti yangu akakaa upande ule mwingine. Jimmy hakuwa anaona wala kusikia. Nikaweka mkono karibu na pua yake, akaunusa, akaweka kidevu juu yake. Haikuchukua dakika nyingi. Hakulia.

Kitu nilichofahamu pale sakafuni ni kwamba kukaa hakukuwa na ujuzi wowote. Sikuhubiri. Sikuwa na la kufanya. Na usiku wa Gethsemane Bwana wetu hakuwaomba Petro na wenzake wafanye muujiza. Aliwaomba wakeshe naye saa moja.

Tulimzika chini ya mparachichi. Kisha nikapigia kamati simu nikawaambia wasinisubiri. Nikaingia kwenye gari, nikaenda Kinangop.

Mama alikuwa nje anaanika mahindi. Ana zaidi ya miaka 80 sasa. Aliponiona alishtuka. "Kuna nini? Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna mtu aliyekufa. "Una mkutano huku?" Sina mkutano, Mama. "Umeleta nini?" Nikaangalia mikono yangu, kweli sikuwa nimebeba hata mkate. Nikamwambia, "Sijaleta kitu. Nimekuja kukaa."

Alininyamazia kwa muda. Kisha akasogeza gunia kidogo kwenye benchi, akasema, "Haya. Kaa basi."

Tulikaa hadi jua likaingia. Aliniambia mambo ya siku za mwisho za baba yangu ambayo kwa miaka kumi hakuwa ameniambia, kwa sababu kwa miaka kumi sikuwa nimekaa. Aliniambia kwamba Mzee, usiku wa mwisho, alisikia mlango, akauliza kama ni mimi. Mama akamwambia ni Jimmy. Akasema, "Mwache aingie."

Nimemwomba Mungu msamaha, na ninaamini amenisamehe. Lakini baba yangu hawezi tena kuniuliza ninakuja lini. Ndio maana nakuandikia wewe ambaye simu yako bado inaita.

MUNGU HAKUTUMA TU

Rafiki, injili ni nini? Waebrania sura ya kwanza inatueleza kwamba zamani Mungu alisema kwa njia ya manabii, mara nyingi na kwa namna nyingi. Alituma, na akatuma tena. Alituma torati, alituma mana, alituma malaika. Kisha akamleta Mwana, na ndani ya Mwana akaja mwenyewe. Neno alifanyika mwili akakaa kwetu. Akaketi kisimani. Akaketi mezani. Akalia kaburini kwa Lazaro wa Bethania. Jina lake ni Imanueli, Mungu pamoja nasi.

Na huyo Mungu hachoki na wazee. Soma Isaya 46. Sanamu za Babeli zinabebwa na wanyama waliochoka, zinaelemea mizigo. Lakini Bwana anawaambia watu wake kinyume chake: mimi ndiye ninayewabeba, tangu tumboni hadi mvi. Miungu ya uongo inawachosha wanyama na watu. Mungu wa kweli anabeba waliochoka. Sema Amina!

YA KUFANYA WIKI HII

1. Kama una mnyama aliyezeeka, mbwa, paka, ng'ombe wa maziwa aliyekausha, punda aliyekubebea maji miaka mingi, kaa naye robo saa kila siku bila simu. Angalia anavyosimama, anavyokula, anavyopumua.

2. Ukiona amebadilika ghafla, usikimbilie kusema ni pepo wala ni ukaidi. Ita daktari wa mifugo. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Vidonge tunavyomeza sisi vinaweza kumuua mbwa, na paka ni rahisi zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa isiachwe kwa sababu amezeeka.

3. Watoto wafundishwe kumkaribia mnyama mzee polepole, na kazi ndogo ya kumtunza wapewe wao. Wanajifunza pale jinsi watakavyokutunza wewe.

4. Piga simu kwa mzazi ama mzee wako. Usiseme "nitatuma." Sema siku utakayokuja, kisha uende.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Haraka ya Balaamu ilimfanya asione. Haraka yako ni ipi, na nani anaumia chini yako?

2. Ni nani nyumbani kwako ambaye umemtumia vitu lakini hujamjua?

3. Katika Luka 13, huruma ilianzia zizini ikafika kwa binti wa Ibrahimu. Yako imeishia wapi?

MAOMBI

Baba, asante kwa kuwa hukututuma tu, ulikuja. Utusamehe kwa viti tulivyoacha wazi. Utupe macho ya kuona aliye karibu nasi, na magoti ya kuketi chini bila haraka. Wazee wetu walio hai, tupe neema ya kuwafikia wangali wanatuuliza tunakuja lini. Na viumbe ulivyotukabidhi, tusiwatupe nguvu zao zinapokwisha, kama wewe usivyotutupa. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.